Laptopu ya Windows 10 iliyokataliwa na Windows 11: jibu kwa mama wa Langoni

Swali: Assalaam aleikum fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Langoni, Lamu. Nyumbani tuna laptopu moja tu, HP EliteBook 840 G3, i5, RAM ya GB 4, tuliyoinunua mtumba Mombasa. Ina Windows 10. Watoto huifanyia kazi za shule, baba yao hujazia marejesho ya kodi, na mimi nimeweka humo picha za nyumbani na sauti za marehemu babangu akisoma kasida na tenzi. Tangu mwaka jana inaleta ujumbe kwamba Windows 10 imefika mwisho. Fundi wa hapa ataka kunitilia Windows 11 kwa njia yake mwenyewe, maana mashine inaikataa. Kaka yangu asema nirudi Windows 7, ilikuwa nyepesi. Nimfuate nani? Na printa yetu ya zamani itaendelea kusomeka?

Jibu: Waaleikum salaam dada yangu. Usimfuate fundi, wala usimfuate kaka. Baki na Windows 10, lakini usibaki hivi hivi. Iandikishe mashine yako kwenye mpango wa nyongeza ya ulinzi unaofika hadi 13 Oktoba 2026, na muda huo uutumie kujitayarishia hatua inayofuata. Kabla ya hayo yote, na ikiwezekana kabla hujamaliza kusoma jibu hili, toa nakala ya zile sauti za marehemu.

Nianze hapo, kwa sababu ndipo roho yangu iliposhtuka niliposoma barua yako. Umesema sauti zimo ndani ya laptopu. Hukusema zimo pengine. Laptopu hiyo ni ya toleo la 2016, imetumika ofisini kwa watu miaka kadhaa kabla ya kufika kwako, na kama bado ina diski yake ya awali ya kuzunguka, diski hiyo imekula umri mkubwa. Diski za namna hiyo hufa bila kuugua. Jioni inafanya kazi, asubuhi inagonga-gonga na kompyuta haiioni. Halafu wewe uko Lamu, hatua chache kutoka baharini. Hewa ya chumvi huingia kila tundu la mashine, hushika kwenye vyuma vya miunganisho na kuvilisha kutu taratibu, hasa miezi ya kusi hewa inapokuwa nzito. Mimi niko Malindi na kila wiki nafungua laptopu ambazo hazikuanguka wala kumwagikiwa maji. Zimeliwa na hewa tu.

Windows hutiwa upya siku yoyote. Laptopu nyingine kama hiyo utaipata Mombasa. Sauti ya babako haipatikani dukani. Kwa hivyo tia nakala moja kwenye diski ya nje, nakala ya pili mpe ndugu anayeishi nyumba nyingine, kama ni Mokowe au Mombasa ni bora zaidi, na ya tatu ipandishe kwenye intaneti. Usiogope bando. Sauti ya MP3 ya kawaida ya 128 kbps hula takriban MB 1 kwa dakika, yaani kama MB 60 kwa saa nzima. Hata ukiwa na saa 20 za kasida, hiyo ni GB 1 na kidogo, na akaunti ya bure ya Google inakupa nafasi ya GB 15. Kama ulirekodi kwa WAV mambo hubadilika, kwa sababu hiyo hula karibu MB 10 kwa dakika. Hapo ile ya asili iweke kwenye diski na upandishe nakala ya MP3. Ukimaliza kunakili, chomeka diski hiyo kwenye kompyuta ya jirani na usikilize faili mbili tatu hadi mwisho. Nimewahi kuletewa diski ya akiba iliyojaa majina ya faili, na ndani ya faili hamna kitu. Kisha ichomoe uiweke kabatini ndani ya mfuko usiopitisha unyevu. Diski ya akiba inayokaa imechomekwa mwaka mzima hupatwa na lile lile litakaloipata kompyuta, iwe ni virusi au ni stima iliyorudi kwa kishindo.

Sasa twende kwenye Windows yenyewe.

Windows 10 ilitoka Julai 2015. Msaada wake wa kawaida ulikoma 14 Oktoba 2025, na ndio ujumbe unaouona. Watu wengi wamefahamu kwamba ikifika tarehe hiyo kompyuta itazima au Windows itafungwa. Haizimi. Kinachokoma ni viraka. Kila mwezi, Jumanne ya pili, Microsoft hutoa masasisho ya kuziba matundu ya usalama yaliyogunduliwa. Wewe ni mtu wa Lamu, utanielewa nikikwambia ni kalafati. Jahazi halijengwi likawa halivuji milele. Kila msimu hupandishwa pwani, likaguliwe viungo, litiwe pamba na mafuta, ndipo lirudi majini. Jahazi lililoachwa kukalafatiwa bado linaelea siku ya kwanza na ya pili, na mbao ni zile zile. Shida ni maji yanayoingia taratibu pale usipoona.

Na kuna jambo moja ambalo wengi hawalitii akilini, nalo ndilo linalonifanya nisikwambie "endelea tu hivyo hivyo". Windows 11, pamoja na sura yake mpya, ndani ni jamaa wa karibu sana wa Windows 10. Hata namba yake ya ndani bado huanza na 10.0. Sehemu nyingi za msimbo ni zile zile. Microsoft inapoziba tundu katika Windows 11, kiraka hicho huwa hadharani. Mtu mwenye nia mbaya hukichukua, akalinganisha faili kabla na baada, akajua tundu lilikuwa wapi. Kisha anakwenda kulitafuta tundu lile lile kwenye Windows 10 ambazo hazikuzibwa. Kwa hivyo kila mwezi unaopita bila viraka, anayekuvizia anapata ramani mpya ya nyumba yako.

Mfano wake tuliuona 2017. Mwezi Machi mwaka huo Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja la Windows. Tarehe 12 Mei, miezi miwili baadaye, kirusi kiitwacho WannaCry kikalitumia tundu hilo kuingia kompyuta za zaidi ya nchi 150, kikafunga faili za watu na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani siku hiyo. Kompyuta zilizokuwa zimepata kiraka cha Machi zilisalimika. Nyingi kati ya zilizopigwa zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inapewa viraka, wenyewe tu hawakuvitia.

Hapo ndipo namjibu kaka yako. Ni kweli Windows 7 ilikuwa nyepesi, na mimi pia niliipenda. Lakini msaada wake ulikoma 14 Januari 2020. Miaka yote hiyo hakuna kalafati. Zaidi ya hayo, vivinjari vimeiacha: Chrome iliisimamisha kwenye toleo la 109 mwanzoni mwa 2023. Maana yake ni kwamba tovuti za benki, za serikali na za shule zitazidi kukuletea makosa au kukataa kufunguka, na baba watoto atajikuta mwezi Juni, siku za mwisho za marejesho ya KRA, ana kompyuta nyepesi isiyofika anakotaka kwenda. Kama kuna programu ya zamani ambayo lazima iende kwa Windows 7, itumieni kwenye mashine isiyounganishwa na intaneti kabisa. Kwa laptopu ya familia, hilo sahau.

Fundi wako naye si mwongo. Windows 11 itawaka kwenye mashine hiyo, na siku za kwanza utaiona nzuri. Lakini elewa kwanza ni kwa nini inaikataa. Windows 11, iliyotoka 5 Oktoba 2021, inataka RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, isiyopungua GB 4, nafasi ya diski GB 64, chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo 2.0, na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, iliyomo kwenye orodha yake. Kwa upande wa Intel, orodha hiyo kwa kawaida huanzia kizazi cha nane, zilizoanza kutoka 2017. EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha sita. Utakuta imeandikwa i5-6200U au i5-6300U, na ile 6 ya mwanzo ndiyo kizazi. Kwa hivyo mlango umefungwa kwa sababu ya prosesa, na prosesa ya laptopu hiyo haibadilishwi.

Njia ya fundi ni kuudanganya usakinishaji usikague. Inafanyika, na wala si uchawi. Ila Microsoft imesema wazi kwamba mashine iliyoingizwa hivyo haina haki ya kudai masasisho. Kwa sasa nyingi huyapata yale ya kila mwezi. Tatizo kubwa huja kila mwaka. Windows 11 hutoka kwa matoleo, na kila toleo la nyumbani hupewa viraka kwa miezi 24 tu. Toleo la 23H2 lilifikia mwisho 11 Novemba 2025, na la 24H2 linafikia mwisho 13 Oktoba 2026. Mashine iliyokubalika huletewa toleo jipya yenyewe. Iliyoingizwa kwa dirishani hailetewi. Lazima mtu apakue faili zima upya, zaidi ya GB 5, na kurudia ujanja ule ule, akiomba Mungu toleo hilo lisiwe limeuziba. Kwa hivyo utamlipa fundi leo, utamlipa tena mwakani, na siku akihamia Nairobi utabaki na Windows 11 isiyo na viraka, kisha uko pale pale ulipo sasa. Tarehe yenyewe iangalie: akikutilia 24H2, siku ya mwisho wake ni ile ile ya nyongeza ya Windows 10 ninayokushauri. Utakuwa umelipia safari ya kurudi ulikotoka.

Kuna jambo jingine la kumwuliza fundi yeyote kabla hujampa mashine: leseni utaitoa wapi? Laptopu za ofisini za miaka hiyo mara nyingi zina ufunguo halali wa Windows ndani ya bodi yenyewe, na Windows 10 ikitiwa upya hujitambua. Akikwambia ataiwasha kwa programu ndogo anayotembea nayo kwenye flashi, na kwamba lazima kwanza azime kinga ya virusi, mwambie asante, chukua laptopu yako uondoke. Programu hizo hupewa funguo zote za nyumba, na hujui nani aliziandika. Mwalimu mmoja hapa Malindi alitiliwa Windows ya namna hiyo. Mwezi mmoja baadaye folda zake zote kwenye flashi ziligeuka njia za mkato zisizofunguka, na kila flashi ya mwanafunzi iliyochomekwa hapo ikaondoka na ugonjwa. Faili tuliziokoa, zilikuwa zimefichwa tu. Lakini kinga ilikuwa imezimwa tangu siku ya kwanza na mwalimu hakuwa na habari.

Basi ufanye nini? Fungua mipangilio, nenda sehemu ya Windows Update. Hakikisha kwanza una toleo 22H2, ndilo la mwisho la Windows 10. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, litaonekana. Kama ni la chini ya hapo, sasisha kwanza. Kisha utaona mahali pameandikwa Enroll now. Kuna njia tatu za kuingia: kulipa dola 30 mara moja, kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kukubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft, na hii ya tatu ni bure. Chukua hiyo ya bure. Zote zinataka uwe na akaunti ya Microsoft, kwa hivyo fungua moja kwa jina lako mwenyewe, usikubali ya fundi wala ya mtoto wa jirani, na nywila yake iandike kwenye daftari la nyumbani. Ukishakuwa na leseni hiyo, inaweza kutumika hadi kwenye mashine 10, kwa hivyo hata laptopu ya dadako itafaidika mkitumia akaunti moja.

Ukiwa hapo, jihadhari na jambo dogo. Akaunti ya bure ya OneDrive ina GB 5 tu. Kuhifadhi mipangilio hakuli kitu, lakini ukikubali ihifadhi pia folda za picha na nyaraka, itaanza kupandisha picha zako zote, imalize bando, ijae, kisha ikusumbue kila siku ununue nafasi. Chagua mipangilio peke yake.

Nyongeza hiyo ni ya viraka vya usalama tu. Hakuna kipya kitakachoongezwa, nawe hukihitaji. Kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, Defender, itaendelea kupata taarifa za virusi vipya hadi Oktoba 2028, na kivinjari cha Edge nacho kimeahidiwa kusasishwa kwenye Windows 10 angalau hadi wakati huo. Baadhi ya watu wanazichukua tarehe hizo za 2028 wakadhani wako salama mpaka huko. Hapana. Mlango wa chumba unaweza kuwa na kufuli jipya na ukuta wa nyuma una tundu. Kama mnatumia Office 2016 au 2019, jueni kwamba nazo zilifikia mwisho siku ile ile ya 14 Oktoba 2025. Kwa barua na hesabu za nyumbani LibreOffice ni ya bure na inafungua faili hizo.

Kisha, zile pesa ulizokuwa umpe fundi, mpe kwa kazi nyingine. Mwambie aangalie kama diski ni ya kuzunguka, na kama ni hiyo, atie SSD. Sijui jambo jingine linaloibadilisha kompyuta kuukuu kama hilo. Uzito ambao kaka yako anaulalamikia kwenye Windows 10 mara nyingi hautoki kwa Windows. Unatoka kwa diski ya kuzunguka inayohangaika kutafuta vipande elfu vya faili kwa wakati mmoja. SSD haina kinachozunguka, kwa hivyo mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka huwaka kabla hujamaliza kufungua dirisha. GB 256 zinawatosha, na ile diski ya zamani ikiwa bado nzima usiitupe, bali iwekwe pembeni kama ilivyo hadi uthibitishe kwamba kila faili limehamia. Ongeza pia RAM ifike GB 8. Mashine yako inatumia aina ya DDR4 na ina nafasi mbili, huenda moja iko tupu. Kwa GB 4, kivinjari kikiwa na kurasa kumi za mtoto anayefanya kazi ya shule, kompyuta hukosa pumzi. Vitu hivi viwili havitapotea hata ukihama Windows kesho.

Na betri. Mtu hufikiri betri mbovu ni usumbufu tu, unachomeka chaja na maisha yanaendelea. Lakini stima ikikatika katikati ya sasisho na betri haishiki hata dakika tano, Windows huweza kuvunjika isiwake tena. Ninazipokea za namna hiyo kila mvua kubwa inaponyesha. Kama betri yako imekufa, ibadilishe, au angalau fanya masasisho asubuhi stima ikiwa imetulia. Kuhusu bando, kama mnatumia intaneti ya simu, kwenye mipangilio ya Wi-Fi washa kile kipengele cha Metered connection. Kitazuia masasisho makubwa yasipakuliwe bila idhini yako. Lakini usikiwashe ukasahau mwaka mzima. Mara moja kwa mwezi, baada ya Jumanne ya pili, nenda kwa ndugu mwenye Wi-Fi nzuri, kaa naye kikombe cha kahawa, laptopu ijisasishe.

Watoto wapatie akaunti zao za kawaida, zisizo na mamlaka ya kusakinisha. Madhara mengi ninayoyaona hayapiti kwenye tundu lolote la kitaalamu. Mtoto hutafuta mchezo wa bure, akabofya, kompyuta ikauliza kama iruhusu, naye akaruhusu.

Sasa baada ya Oktoba 2026. Hapo una njia mbili za heshima, na ningetaka uanze kuzifikiria sasa badala ya wiki ya mwisho.

Ya kwanza ni kuiacha Windows na kutia Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kwenye laptopu hii hii. Mint ni bure kabisa, faili lake ni takriban GB 3, na matoleo ya mfululizo wa 22 yatapewa viraka hadi 2029. Kwa mashine yenye SSD na GB 8, inakwenda vizuri sana. Sura yake haimshangazi mtu aliyezoea Windows: kitufe cha kuanzia kiko kona ile ile, folda ni folda. Vile virusi vya flashi za saiba, vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows, havifanyi kazi humo. Sauti na picha zako zitafunguka bila tabu. Kitakachokusumbua ni vitu vichache vilivyotengenezwa kwa Windows tu. Ile fomu ya Excel ya marejesho ya kodi, kwa mfano, ina makro, yaani amri ndogo zinazojiendesha ndani yake, ambazo huenda zisitii nje ya Excel. Baba watoto akiihitaji, atahitaji kutafuta kompyuta ya Windows kwa saa moja kwa mwaka. Uzuri ni kwamba Mint huweza kujaribiwa ikiwa kwenye flashi bila kugusa diski. Unawasha, unatazama, unasikiliza kasida moja, unazima, na Windows yako iko kama ilivyokuwa. Fanyeni hivyo likizo moja watoto wakiwa nyumbani. Wao ndio watakaokufunza.

Ya pili ni kununua mtumba mwingine ambao Windows 11 inaukubali. Hapo simpingi mtu. Kwa mwenye kompyuta ya kizazi cha nane na kuendelea, jibu langu lingekuwa fupi: hamia Windows 11, ni bure kwa mwenye Windows 10 halali, usibaki nyuma. Ila uwe macho dukani. ThinkPad T470 na T480 kwa mbali ni pacha, lakini T470 ni ya vizazi vya sita na saba, na T480 ndiyo iliyokuja na kizazi cha nane. Muuzaji atakwambia "i5 ni i5". Usikubali. Soma namba baada ya kistari: i5-8250U au i5-8350U inakubalika, i5-7300U haikubaliki hata ikiwa imeng'aa namna gani. Mwombe akufungulie PC Health Check, programu ya bure ya Microsoft inayosema ndiyo au hapana, mbele yako, kabla hujatoa simu kulipa. Iunganishe pia na intaneti na uitazame ikisakinishwa upya. Laptopu nyingi za ofisi za nje zimesajiliwa kwa kampuni iliyokuwa nazo, na usajili usipofutwa, siku utakapoitia Windows upya itakutaka uingie kwa barua pepe ya kampuni hiyo. Chungulia matundu yake ya USB kwa tochi ya simu. Ukiona ukijani au unga mweupe, mashine hiyo imeshaonja chumvi.

Ukifika huko, kumbuka jambo moja kwa ajili ya zile sauti. Windows 11 mpya, ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi hufunga diski nzima kwa msimbo yenyewe, bila kukuuliza sana. Ni kinga nzuri laptopu ikiibiwa. Lakini ufunguo wa kuifungua huwekwa ndani ya akaunti hiyo, na mtu aliyesahau akaunti yake, mashine ikaharibika na kuudai ufunguo, hana fundi duniani wa kumsaidia. Ndiyo maana nilisisitiza akaunti iwe yako na nywila iwe kwenye daftari.

Printa yenu haitaathirika mkibaki Windows 10, maana programu yake tayari imo. Kwenye Windows 11 printa nyingi za zamani hufanya kazi, ila tafuta kwanza kama mtengenezaji ametoa programu yake ya Windows 11. Kwa Mint, siku ile ya kujaribu kwa flashi, ichomeke printa na utoe karatasi moja. Jaribu pia kuskani, kwa sababu printa nyingine huchapa vizuri kwenye Mint na kuskani zikagoma.